Mafua Yanapoingia Jichoni na Kichwani: Mwongozo kwa Mzazi

Mafua ya mtoto hayamshtui mtu. Mtoto mdogo huweza kuyapata mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na mengi huisha yenyewe, dawa apewe au asipewe. Ndiyo maana ugonjwa ninaouandika hapa huwakuta hata wazazi makini wakiwa hawana habari. Mtoto amekuwa na kamasi siku 5, juzi akalalamika kichwa, leo ameamka jicho moja limevimba. Mama anadhani kaumwa na mdudu usiku. Bibi anasema ni macho mekundu, si yanazunguka mtaani? Duka la dawa linauza matone ya macho. Jioni jicho halifunguki tena.

Matatizo haya ya mafua kuingia jichoni au kichwani ni nadra. Lishike hilo kwanza, usije ukakosa usingizi kwa kila kamasi. Ila yakitokea hayasubiri. Bakteria waliojazana kwenye sainasi wanaweza kumpofusha mtoto au kufika kwenye ubongo ndani ya siku chache, tena mtoto aliyekuwa mzima wa afya. Wengi wanaolazwa kwa sababu hii hawakuwahi kuambiwa hata siku moja kwamba wana ugonjwa wa sainasi. Kwa hiyo anayeweza kuyagundua mapema ni yule anayemwogesha mtoto, anayemlaza na kumwamsha.

Vyumba vya hewa usoni

Sainasi ni vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso, vikizunguka pua na kufunguka ndani yake kwa njia ndogo sana. Mtoto huzaliwa na zile za mashavuni na zile zilizo kati ya macho mawili. Zile za nyuma kabisa, chini ya ubongo, huanza kujaa hewa karibu na umri wa miaka 5. Za paji la uso huanza kuonekana akiwa na miaka 7 au 8 na kuendelea kukua mpaka ujanani.

Umri huo ndio unaoamua hatari itokee wapi. Kwa mtoto wa chekechea, angalia jicho. Kwa mwanafunzi wa darasa la tano kwenda juu, hasa mvulana anayebalehe, angalia jicho na paji la uso pia, kwa kuwa nyuma ya mfupa wa paji kuna ubongo. Kwa nini wavulana huathirika zaidi haijaelezwa vizuri, lakini madaktari wa upasuaji wa ubongo huliona wazi wodini.

Kati ya sainasi za katikati na shimo la jicho kuna ukuta wa mfupa mwembamba kama karatasi, wenye vitundu vya kupitisha mishipa. Zaidi ya hayo, mishipa inayorudisha damu kutoka eneo hili haina vali za kuizuia isigeuke, hivyo damu inaweza kwenda huku au kule, na bakteria wakabebwa nayo. Si lazima watoboe mfupa ndipo wafike jichoni au kichwani.

Wanafikaje kuwa wengi hivyo? Virusi vya mafua huvimbisha utando wa ndani ya pua, njia za sainasi zinaziba, ute unakwama, na bakteria ambao siku zote wanaishi puani bila kudhuru wanapata mahali penye joto na unyevu pa kuzaliana. Ute unageuka usaha. Kwa watoto wengi mwili hulimaliza jambo hilo hapohapo.

Hesabu siku, usisome rangi

Kosa letu kubwa, mjini na kijijini, ni kusoma ugonjwa kwa rangi ya kamasi. Ikiwa ya kijani tunakimbilia dawa, ikiwa nyeupe tunatulia. Rangi haisemi hivyo. Katika mafua ya kawaida ya virusi, kamasi huanza nyepesi, ikifika siku ya tatu au ya nne huwa nzito ya njano au kijani, kisha hurudi nyepesi na kukauka. Rangi hiyo inatokana na chembe nyeupe za damu zilizokuja kupambana, wala si ushahidi wa bakteria.

Kinachosema kweli ni siku na mwelekeo. Kati ya mafua 100 ya watoto, takriban 5 hadi 10 ndiyo huishia kwenye sainasi ya bakteria, na hujitambulisha kwa njia tatu. Kuna mtoto ambaye kamasi au kikohozi cha mchana vimepita siku 10 bila dalili ya kupungua. Kuna anayeanza kwa kishindo, homa ya nyuzi 39 au zaidi pamoja na kamasi nzito kwa siku 3 mfululizo. Na kuna yule ninayekuomba umwangalie kuliko wote: alikuwa anapona, ameanza kucheza na kula, kisha siku ya sita au ya saba homa inarudi, kikohozi kinazidi, kichwa kinauma. Mafua ya kawaida hayafanyi hivyo. Hayapoi na kurudi juu.

Mtoto wa mojawapo ya namna hizi tatu apelekwe kituo cha afya akachunguzwe. Akiandikiwa amoksilini au dawa nyingine ya kuua bakteria, dozi hupangwa kwa uzito wake, kwa hiyo hakikisha amepimwa uzito siku hiyohiyo. Ndani ya saa 72 unatakiwa kuona nafuu. Usipoiona, au hali ikizidi kabla ya hapo, rudi kwa aliyekuandikia; usihamie dawa nyingine kwa ushauri wa muuza duka. Vidonge sita vya kununua kwa rejareja, au chupa aliyobakiza kaka yake mwezi uliopita, hupunguza homa kidogo na kuwadanganya wote nyumbani huku usaha ukiendelea kujikusanya, na bakteria wanaobaki ni wale sugu. Wala usiombe apigwe eksirei ya sainasi kwa mafua ya kawaida. Haitofautishi mafua ya virusi na ugonjwa wa bakteria, na fedha hiyo ni bora uiweke kwa nauli.

Nyumbani mpe maji ya kutosha na parasetamoli kwa uzito wake, na usafishe pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa yakapoa, matone machache kila tundu, kisha mtoto mkubwa apenge taratibu na mdogo afutwe. Maji ya bomba au ya kisima yasiyochemshwa yasiingie puani. Aspirini usimpe mtoto kabisa. Kuhusu kujifukiza, ambako kulishika kasi sana wakati wa Uviko-19: mvuke hauui bakteria walioko kwenye sainasi, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka pamoja na mtoto imeshaunguza wengi. Acha.

Kuna jambo jingine ambalo lazima nilitaje, maana bado linaua. Ute unaoshuka kooni kutoka kwenye sainasi husababisha kikohozi kirefu, hasa mtoto anapolala. Katika familia nyingi kikohozi hicho hulaumiwa kimeo, na mtoto hupelekwa kwa mkata vimeo. Kimeo hakisababishi kikohozi hicho. Kukikata kwa wembe au kisu cha kienyeji kumewaacha watoto wakivuja damu mpaka kufa, na wengine wakipata pepopunda. Mtoto anayekohoa wiki mbili apelekwe akachunguzwe kifua na pua, na pia apimwe kifua kikuu.

Na ikiwa kamasi inatoka tundu moja tu, ina harufu mbaya na labda damudamu, fikiria kwanza kitu kilichoingizwa: punje ya haragwe, shanga, kipande cha sponji. Usikichokonoe kwa pini ya nywele, utakisukuma ndani. Kama ni betri ndogo ya saa au ya mwanasesere, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, kwa sababu inaunguza utando wa pua ingali ndani.

Jicho

Uvimbe wa jicho ndio tatizo linalotokea zaidi kati ya haya yote, na ndio unaochanganya watu zaidi. Mwaka 1970 daktari Mmarekani James Chandler na wenzake walipanga hatua 5 za ugonjwa huu ambazo madaktari wanazitumia mpaka leo. Kwanza huvimba kope tu. Kisha uvimbe unaingia ndani ya shimo la jicho. Hatua ya tatu usaha unajikusanya kati ya mfupa na utando wake, ya nne jipu linakaa ndani ya shimo lenyewe, na ya tano damu inaganda kwenye mishipa mikubwa nyuma ya macho, karibu na ubongo. Si lazima mtoto azipitie kwa mpangilio huo. Anaweza kulala na hatua ya kwanza akaamka na ya tatu.

Sasa fanya hivi. Mkalishe mtoto karibu na dirisha au mlangoni penye mwanga, kichwa kimetulia, ikibidi mtu mwingine amshikilie mashavu. Ikiwa kope imeziba, ifungue polepole kwa vidole safi. Inua kidole chako au kitu anachokipenda, kipeleke juu, chini, kushoto na kulia, na umwambie akifuate kwa macho bila kugeuza kichwa. Macho yote mawili yaende pamoja mpaka mwisho. Jicho lenye uvimbe likibaki nyuma, au mtoto akilia na kukunja uso kila anapoliangaza upande, ugonjwa umeshapita kope. Kisha simama nyuma yake, umwinamishe kichwa nyuma kidogo, uangalie macho kutoka juu ya paji: je, moja limetokeza mbele kuliko jingine? Halafu ziba jicho zima kwa kiganja na umuulize anaona nini kwa lile lililovimba. Mwonyeshe kitu chekundu kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Akisema wekundu umefifia upande mmoja, mshipa wa kuonea unabanwa. Muulize pia kama anaona vitu viwili viwili.

Ukikuta hata kimoja kati ya hivyo, safari ni ya hospitali yenye madaktari bingwa, saa hiyohiyo, hata iwe saa nane usiku. Kama kope imevimba mno na huwezi kuifungua kabisa, ihesabu kama umekuta kimoja. Na kama majaribio yote ni mazuri lakini kope imevimba, ni nyekundu, inauma na mtoto ana homa au mafua, bado anatakiwa aonwe na daktari leo, kwa kuwa anahitaji dawa na kuangaliwa tena kesho.

Tofauti na macho mekundu ya kuambukizana? Yale huanza na hisia ya mchanga machoni, machozi na matongo, mara nyingi yanahamia jicho la pili, weupe wa jicho unakuwa mwekundu sana, lakini jicho linakwenda kila upande bila maumivu na mtoto anaona vizuri akishafutwa matongo. Kuumwa na mdudu huwasha zaidi kuliko kuuma, mara nyingi alama ya kidonda inaonekana, na homa hakuna. Chokea ni kinundu kimoja ukingoni mwa kope. Sainasi iliyoingia jichoni ina mafua nyuma yake, inauma, na kila saa inayopita inaongezeka. Jicho la pili likianza kuvimba siku moja au mbili baada ya la kwanza, na mtoto anaonekana mgonjwa sana, hiyo inaweza kuwa dalili ya damu kuganda nyuma ya macho. Usidhani kwamba ni macho mekundu yamehamia upande wa pili.

Usitie chochote jichoni. Maziwa ya mama, chai ya rangi, majani yaliyotwangwa, mkojo: hakuna hata kimoja kinachofika kwenye sainasi, na vingi vinaongeza bakteria wengine. Matone ya macho ya dukani nayo hayafiki huko.

Paji la uso na kichwa

Huko London mwaka 1760, mpasuaji Percivall Pott alieleza uvimbe laini wa paji la uso unaotokana na usaha chini ya utando wa mfupa. Mpaka sasa uvimbe huo una jina lake, na siku hizi chanzo chake cha kawaida ni sainasi ya paji. Ukiugusa unabonyea kama unga uliokandwa, mtoto analalamika, na mara nyingi hapana jeraha lolote la kueleza ulikotoka. Familia husema alijigonga mpirani. Huenda kweli alijigonga, maana wavulana wa miaka 12 hujigonga kila siku. Lakini nundu la kujigonga hupungua siku baada ya siku. Nundu linalokua, mtoto ana homa na amekuwa na mafua, ni mfupa unaooza, na watoto wengi wenye nundu hilo hukutwa usaha umeshaingia pia ndani ya fuvu.

Usaha ndani ya fuvu unaweza kuwa jipu ndani ya ubongo, au ukatandaa kati ya tando zinazoufunika, au bakteria wakaleta homa ya uti wa mgongo. Ule unaotandaa kati ya tando ndio mkali kuliko yote, kwa sababu hauna kizuizi. Mtoto aliyekuwa akiongea asubuhi anaweza kupoteza fahamu usiku. Jipu la sehemu ya mbele ya ubongo ni la kimyakimya. Mtoto anakuwa mzito, hajali jambo, anajibu ovyo, analala mchana, na watu wa nyumbani wanasema amekuwa mvivu au mkaidi.

Dalili ya kwanza karibu kila mara ni kichwa. Tunakiita kipanda uso, tunafunga kitambaa, tunampa vidonge. Kichwa cha kutisha ni kile kinachozidi siku hata siku pamoja na homa, kinachomwamsha usingizini, kinachoambatana na kutapika ingawa tumbo haliumi. Shingo ngumu, kukwepa mwanga, mkono au mguu mmoja kulegea, mdomo kwenda upande, maneno kupotea: hapo hakuna cha kusubiri.

Degedege linahitaji neno la peke yake. Degedege linaloletwa na homa tu ni la watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Mtoto wa miaka 10 mwenye homa na mafua akipata degedege kwa mara ya kwanza maishani mwake, hiyo ni dalili ya ubongo mpaka ithibitike vingine. Na ile imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa imechelewesha wengi kwa waganga. Sindano ndiyo inayomwokoa. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, mpeleke.

Kwetu kuna mtego mwingine, na jina lake ni malaria. Homa na kichwa vikikutana, wazo la kwanza ni malaria, na ni sawa kupima. Lakini mahali penye malaria nyingi, mtoto anaweza kuwa na vimelea kwenye damu na wakati huohuo anaumwa kitu kingine. Kipimo kikionyesha malaria, naye jicho limevimba au kichwa kinazidi, dawa ya mseto pekee haitoshi. Kipimo kikiwa hakina malaria, usikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya taifodi bila mtu kuangalia macho yake, paji lake na shingo yake. Mwambie mhudumu kwa adabu, lakini sema.

Ukifika kituoni

Sentensi ya kwanza utakayosema mapokezi inaweza kukuokolea saa nyingi. Usiseme "mtoto ana homa na jicho." Sema: "Mtoto alikuwa na mafua kwa siku 8, tangu asubuhi jicho limevimba, haliendi upande na linamuuma." Au: "Ana mafua wiki nzima, kichwa kinazidi, ametapika mara tatu na paji limevimba." Mhudumu aliyechoka akisikia mafua, jicho na maumivu ya kuangaza kwa pamoja anajua amekutana na nini. Andika kwenye karatasi tarehe mafua yalipoanza, tarehe uvimbe ulipoanza, kila dawa aliyopewa na kiasi chake, mzio wowote, na kama ana selimundu, virusi vya Ukimwi au kisukari, maana kinga yake inabadilisha mpango wote. Beba kadi ya kliniki na kadi ya bima kama anayo.

Zahanati na vituo vingi vya afya havina uwezo wa kumaliza ugonjwa huu, na hiyo si aibu yao. Kazi yao ni kuutambua, kumwanzishia dawa ya mshipa na kumsafirisha. Ikiwa safari ni ndefu, uliza: "Anaweza kupata dozi ya kwanza ya sindano kabla hatujaondoka?" Na omba wapige simu kule mnakokwenda, waulize kama mashine ya kupiga picha za CT inafanya kazi leo. Kufika usiku kwenye hospitali ambayo mashine yake imeharibika ni kupoteza nusu siku ambayo mtoto hana. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa nchini Tanzania, na nyingi za kaunti nchini Kenya, zina mashine hizo sasa. Upasuaji wa ubongo unapatikana Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza, Mnazi Mmoja Zanzibar, Kenyatta Nairobi, Mulago Kampala na, kwa watoto hasa, hospitali ya CURE iliyoko Mbale, Uganda.

Huko watampiga picha ya CT yenye dawa ya kung'arisha inayopitia mshipani, au ya MRI ikiwepo. Picha bila dawa hiyo inaweza kulikosa jipu, kwa hiyo usishangae gharama ikiongezeka kidogo. Baadhi ya wazazi hukataa kipimo cha maji ya uti wa mgongo kwa kusikia kwamba kinalemaza. Hakilemazi. Ila kwa mtoto anayeshukiwa kuwa na jipu kichwani, madaktari wenyewe hupiga picha kwanza, kwa sababu kutoa maji hayo huku shinikizo la kichwani likiwa juu ni hatari. Wakisema wasubiri picha, wana sababu.

Dawa zitakuwa za mshipa, kwa kawaida seftriaksoni pamoja na nyingine za kufunika bakteria sugu na wale wasiohitaji hewa, kama vile metronidazoli. Jicho liangaliwe kila baada ya saa chache, mchana na usiku. Kama hakuna anayekuja, muulize muuguzi, naye atalichukulia vizuri ukimuuliza vizuri. Jipu dogo la pembeni mwa jicho kwa mtoto mdogo mara nyingi hupona kwa dawa pekee, ilimradi uoni uko salama. Uoni ukipungua, au saa 24 hadi 48 zikipita bila nafuu, watamfanyia upasuaji, na mara nyingi hupitia tundu la pua bila kuacha kovu usoni. Usaha wa ndani ya fuvu karibu kila mara unahitaji mpasuaji wa ubongo kuutoa. Hapo babu na bibi, shangazi na wajomba watataka kikao cha ukoo kwanza. Kiheshimu kikao, lakini kifanyike kwa simu huku mtoto akielekea chumba cha upasuaji. Zamani, kabla ya dawa za kuua bakteria, karibu mtu 1 kati ya 5 waliopona uvimbe wa ndani ya shimo la jicho alibaki bila kuona kwa jicho hilo, na wengine walikufa kwa homa ya uti wa mgongo. Leo mtoto anayewahi kwa kawaida hupona, akiwa na macho yake yote mawili.

Baada ya kurudi nyumbani

Matibabu ya ndani ya fuvu huchukua wiki nyingi, mara nyingi 4 hadi 8, na sehemu yake inaweza kuendelea nyumbani. Mtoto akishaanza kukimbia uani, kishawishi cha kuacha dawa ni kikubwa, hasa nauli ikiwa imekwisha. Mweleze daktari tatizo la nauli kabla ya kuruhusiwa. Pengine dozi zinaweza kutolewa kituo kilicho karibu nawe. Rudi kwa tarehe ya kliniki hata kama anaonekana mzima. Kama alipata degedege, dawa zake zisikatwe ghafla. Akipata mafua mengine, na atayapata tu, usiingiwe na hofu, bali fanya lile jaribio la macho dirishani.

Mtoto anayekoroma kila usiku, anayepumua kwa mdomo na kuumwa sainasi mara kwa mara aonwe na daktari wa masikio, pua na koo, maana wale tunaosema wana nyama za pua baadhi yao wanahitaji kusaidiwa. Jino la juu lililooza litibiwe pia. Usaha wake hupanda moja kwa moja kwenye sainasi ya shavu. Na jiko la kuni au mkaa lihamie nje, sigara vilevile, kwani moshi huvimbisha utando uleule wa pua.

Mwisho, toa kadi ya kliniki uiangalie leo. Chanjo ya pneumokokasi, ambayo Kenya iliianza mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2013, na ile ya pentavalenti yenye kinga ya bakteria wa Hib, hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Zinalenga bakteria hatari wa jamii hizihizi. Kama mtoto wako mdogo ana nafasi tupu kwenye mistari hiyo, mpeleke wiki hii; wahudumu watakuambia jinsi ya kufidia dozi zilizopita, na katika vituo vya serikali chanjo hizo hutolewa bila malipo.